Kabla hujamwaga oili ya dizeli yako mzee, geuza dumu

Hilux yangu ni ya 1996, injini 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na tabo. Niliinunua Makambako ikiwa imeshabeba viazi vya kutosha maishani mwake. Siku ya kwanza kuipeleka gereji, fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akatazama moshi uliokuwa unapumua pale, akanigeukia: "Bosi, hii imechoka. Iwekee nzito."

Nzito maana yake 20W-50. Dukani nikapewa dumu zuri la bei nafuu, namba hiyo imeandikwa mbele kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Nyuma ya dumu kulikuwa na maandishi madogo kama masharti ya mkopo, nami nikayafanyia kama tunavyoyafanyia masharti ya mkopo.

Mwanzoni nilifurahi. Moshi ulipungua, mlio ukatulia. Kisha ukaja Juni, na aliyewahi kulala Makambako mwezi Juni anajua baridi ninayoisema. Asubuhi starta inazungusha injini kwa kuivuta, inashika kwa shida, na taa nyekundu ya oili haizimiki. Moja, mbili, tatu, nne, ndipo inazima. Hizo sekunde nne oili nzito bado inajikokota kutoka chini, huku juu vyuma vinasuguana karibu vikavu. Miezi michache baadaye, natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, katikati ya mlima wa Kitonga ile taa ikaanza kukonyeza. Nilizima gari palepale, malori yananipita yakipiga honi.

Fundi wa Iringa aliyefungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, aliniita nikaone mwenyewe. Lile chujio la wavu ambalo pampu hunyonyea oili lilikuwa limefunikwa tope jeusi kama lami. Alilichota kwa bisibisi, likabaki limesimama juu ya bisibisi. Akaniuliza nilikuwa naweka oili gani. Dumu tupu lilikuwa bado nyuma ya kiti. Akaligeuza, akaweka kidole mgongoni: API SG. Oili ya petroli.

Tangu siku hiyo naanza na herufi zinazofuata API, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili; unene baadaye. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili hupanda kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: CD ni ya zamani sana, CF-4 ilikuja 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002. Kuna dumu lina herufi za pande zote mbili, na hapo ndipo wengi tunapigwa. Ukiona SN/CF, hiyo ni oili ya petroli iliyoongezewa heshima ya dizeli ya 1994. Ukiona CI-4/SL, hiyo ni ya dizeli inayoweza pia kuingia kwenye petroli. Inayotangulia ndiyo kazi yake hasa.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Dizeli inatoa masizi, na injini kuukuu inayavujisha mengi kupitia kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Oili ya dizeli ina viungo vya kuyabeba masizi hayo yakielea, yasishikane wala kutua, mpaka utakapoyamwaga nayo. Ndiyo maana inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kuiweka, na mtu akikwambia "hii oili mbovu, imeshakuwa nyeusi" mwambie inafanya kazi yake. Ina pia viungo vya kuua asidi inayotokana na salfa ya mafuta. Oili ya petroli, hasa ya daraja la chini kama niliyonunua mimi, haikuandaliwa kwa mzigo huo. Masizi yanatua, yanageuka tope, tope linatafuta wavu.

Sasa unene. Kwa 3L, 5L, 1HZ na wenzao, dizeli za zamani za Toyota, mimi natumia 15W-40 yenye CI-4, na sijajuta. Ile 15W inaeleza inavyotiririka ikiwa baridi, 40 inaeleza uzito wake injini ikiwa imeshapata moto wa kazi. Hii 20W-50 siyo sumu: ukiwa Tanga au Dar, injini imelegea kweli na presha inashuka ikipata joto, inaweza kukusogeza, mradi tu iwe ya herufi C. Lakini ijulikane ni dawa ya maumivu. Ringi zilizokwisha hazirudi kwa oili nzito. Moshi unapungua, wewe unasahau kuweka akiba ya matengenezo.

Upande wa pili kuna wanaotaka kumtunuku mzee. Rafiki yangu aliiwekea Prado yake yenye injini ya dizeli ya 1KZ oili ya sinthetiki 5W-30, bei ya kutisha, na ndani ya mwezi sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, ikaanza kudondosha. Sili ilikuwa imeshachoka, tope ndilo lililokuwa likiiziba. Oili nyepesi yenye sabuni nyingi ikalisafisha. Vivyo hivyo kwa CJ-4 na CK-4: ni oili nzuri, ila zilibuniwa kulinda vichujio vya moshi ambavyo gari zetu hazina, na kwa dizeli yenye salfa kidogo sana, sehemu 15 kwa milioni. Kikomo kilichowekwa Afrika Mashariki Januari 2015 kilikuwa 50, na hiyo ni ya kituoni. Dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara anaijua aliyeileta. Na ukikuta FA-4, rudisha kwenye rafu. Ni nyepesi, haikutengenezwa kwa injini hizi.

Kama umekuwa ukitumia oili isiyofaa, usikimbilie dawa za kusafisha injini. Zinang'oa tope lote kwa mpigo, nalo linaenda kuziba pale pale. Weka oili sahihi, endesha kama kilometa 1,000 hivi, mwaga na ubadilishe filta, kisha endelea kawaida. Kawaida yangu ni kilometa 5,000, na msimu wa mizigo na vumbi nashuka hadi 4,000. Namwaga injini ikiwa ya moto. Galoni ya lita 5 peke yake haiitoshi 3L, kwa hiyo nanunua na lita moja moja pembeni, dukani kwa wakala, kifuniko hakijaguswa. Dumu likiisha nalitoboa kwa bisibisi kabla sijaondoka gereji, lisije likajazwa oili bandia. Fundi mmoja alinuna, nikajua kwa nini.

Stiki ya kupimia oili naisoma kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare, na ninaandika. Ikishuka zaidi ya lita moja kwa kilometa 1,000, namtafuta fundi. Ikipanda ndiyo mbaya zaidi, ingawa wengi hufurahi: nainusa, na ikinuka dizeli, kuna nozeli au pampu inavujisha mafuta ndani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji, siwashi kabisa.

Jumapili iliyopita ilikuwa imeshuka nusu ya alama tu tangu nilipobadilisha. Taa sasa inazima kabla sijamaliza kusema moja. Oili chafu aliichukua jirani, anapaka nguzo za banda lake la mbuzi, mchwa wamemchosha.