Jibu: Tovuti ya mapishi imegeuka nyeupe, nzito, spamu tele

Dada yangu wa Kisauni, usifute kitu! Ukurasa kuwa mweupe mara tu baada ya kusasisha plagini (programu ndogo za nyongeza za WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yako), mshuku plagini kwanza. Ingia kwenye faili za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako), fungua folda ya wp-content, ubadilishe jina la folda ya plugins. Mapishi yako yamo kwenye hifadhidata, hayaguswi. Kisha fungua orodha ya plagini kwenye dashibodi (ukurasa wa kusimamia tovuti) ili WordPress izizime, rudisha jina la folda, uwashe moja moja mpaka mkorofi ajulikane.

Spamu (maoni taka): washa Akismet, plagini ya kuyachuja, funga maoni ya makala zilizozidi siku 14.

Uzito, yaani tovuti kufunguka polepole? Punguza picha za biriani hadi upana wa pikseli 1200 kabla ya kuzipakia. Wasomaji wako wa Likoni wanatumia bando, tuwahurumie.