Jibu: Kujitolea Tenwek ukitokea Nairobi
Dada, umeuliza kama muuguzi aliyemaliza diploma juzi anaweza kujitolea hospitali ya Tenwek, kule Bomet, kwa mwezi mmoja. Anaweza, ila usipande gari kabla hujapata barua ya kukubaliwa, na uwe na leseni ya Baraza la Wauguzi, la sivyo utaishia kutazama tu. Umeme usikutie hofu. Wana mtambo wao kwenye maporomoko ya mto Nyangores. Beba sweta, baridi ya Bomet asubuhi si mchezo. Kubwa ni lugha: kina gogo (yaani bibi wazee) wengine wodini wanaongea Kipsigis pekee. Jifunze hata "chamgei", salamu yao, na namna ya kuuliza panapouma, watakufungukia. Malazi na chakula ulizia mapema, huenda ukajilipia.