Anzeni na nanga

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: familia yenye watoto inayotaka kuishi ndani ya boti ya matanga na kuzunguka visiwa vya Tanga hadi Pemba, ianze kununua nini? Wengi watataja injini au sola. Mimi nasema nanga na mnyororo wake. Boti inayokaliwa na watu hukaa kwenye nanga siku nyingi kuliko inazosafiri, na mzazi asiyeiamini nanga yake halali.

Kinachowaponza wageni mwambao huu ni kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupanda mita 3.5 hivi, hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Chukua boti iliyoingia saa nne asubuhi, ikapima kina mita 4, ikatoa mnyororo mita 20. Mara tano ya kina; nahodha ameridhika. Ikifika saa kumi jioni kina ni mita 7.5, na kutoka usawa wa maji hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kuna mita 1 nyingine. Zile mita 20 sasa hazifiki hata mara mbili na nusu. Mnyororo unainuka, nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulala na kuchimba, inang'oka. Na jioni ndipo kusi inapokuwa imeshika kasi! Kwa hiyo pigeni hesabu ya maji kujaa: 7.5 na 1 ni 8.5, mara tano, mita 43. Amari, yaani kinachounganisha nanga na boti, ikiwa ya kamba, zidisha kwa saba, na mita 10 za upande wa nanga ziwe mnyororo, maana matumbawe hukata kamba usiku mmoja tu.

Tafuta mchanga, ule weupe unaoonekana toka juu. Elekeza omo kwenye upepo, boti isimame kabisa, ndipo ushushe nanga mpaka iguse chini. Usimwage mnyororo wote pale pale. Utajirundika juu ya nanga na kuinasa. Acha upepo uirudishe boti nyuma huku unatoa kidogo kidogo. Ukimaliza, rudi nyuma kwa injini, polepole kwanza, kisha ongeza. Weka mkono juu ya mnyororo: ukitetemeka na kushtukashtuka, nanga inaburura, ing'oe uanze upya. Ukikaza ukatulia, imeshika. Kisha chagua alama mbili nchi kavu zilizopangana, kwa mfano mnazi na paa lililo nyuma yake. Zikiachana bila boti kugeuka, nanga haijashika na boti inasogea. Kazi hii mtoto wa miaka kumi huiweza vizuri sana, na apewe.

Maji ya kunywa nayo yapimwe. Watu wanne, lita 8 kila mmoja kwa siku, ni lita 32. Tangi la lita 300 halimalizi siku kumi. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari, visuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi. Wekeni pia madumu mawili ya lita 20 pembeni, tangi likivuja msiadhirike.

Kuvuka kutoka Pemba kurudi Tanga kuna mtego wake. Mkondo wa maji katika mlango wa bahari kati ya Pemba na bara huenda kaskazini, na wakati wa kusi huongezeka. Boti ikitumia saa sita, mkondo wa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, utakuwa umeisogeza kilomita 22 hivi. Elekezeni kusini ya mnakokwenda tangu mwanzo, maana kurudi kusini dhidi ya kusi na mkondo kwa pamoja ni kazi ya siku nzima. Tena ondokeni alfajiri. Mkichelewa, mtaingia kwenye miamba ya Tanga jua la magharibi likiwapiga usoni, na mwamba ulio mita moja chini hauonekani kabisa. Watoto wavae jaketi za kuokolea muda wote boti ikitembea, hata bahari ikiwa shwari.