Maswali ya Wasomaji: Matundu Matano Hayatoshi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu rimu na matairi ya magari yanayovuta magurudumu yote manne. Tumejibu nne. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengine wengi.

Wakuu, habari za kazi. Nina Forester ya 2009, haina turbo, rimu za aloi inchi 17, matairi 225/55. Kila wiki naenda Mang'ola, na mawe ya njia ile yameshanipasulia rimu mbili. Muuza spea ana seti nzima ya inchi 15 iliyotoka kwenye Allion. Anasema matundu matano ni matundu matano, zitaingia tu. Nichukue? Na kama si hizo, nitafute zipi? — Msomaji, Karatu

Usichukue. Kwenye matundu muuzaji amesema kweli: Allion na Forester yako zote zina matundu 5 kwenye duara la milimita 100, ndiyo yale maandishi 5x100. Shida iko katikati. Kitovu cha habu (sehemu ya gari ambayo rimu inafungwa) ya Subaru ni mm 56.1, na tundu la katikati la rimu ya Allion ni mm 54.1. Rimu itagota kwenye kitovu kabla haijalala kwenye diski. Fundi akiilazimisha kwa kukaza nati, kwa macho utaona imekaa, kumbe nyuma yake pana upenyo na mzigo wote umebebwa na stadi, zile bolti zinazopita kwenye matundu. Hizo ndizo stadi zinazokatika ukiwa kwenye kona.

Halafu zipo nati. Stadi za Subaru ni M12 (unene mm 12) yenye meno ya 1.25 (umbali wa jino hadi jino, kwa milimita), za Toyota ni M12 yenye meno ya 1.5. Nati ya Toyota inaingia zamu mbili tatu kwenye stadi ya Subaru, kisha inagoma. Mwenye mashine ya upepo hasikii kugoma huko. Anabonyeza tu, na meno yanalika.

Utaambiwa tundu litapanuliwa. Kwenye mashine ya kukereza, fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuondoa milimita moja kila upande na rimu ikabaki kwenye senta. Kwa grenda ya mkono haiwezekani, na usukani utakutetemekea kuanzia spidi 80 hadi siku utakapozitupa. Hata zikikerezwa vizuri, tairi la kawaida la rimu hizo, 195/65R15, lina kipenyo cha mm 634, na lako lina 679. Gari litashuka zaidi ya sentimita 2, nawe unapita kwenye mawe.

Tafuta hizi: inchi 16, upana 6.5, 5x100, tundu la kati 56.1, ET48 (maana ya ET iko chini), uzifunge na matairi 215/65R16. Si ubunifu wetu. Ni saizi iliyotoka kiwandani kwenye Forester za umbo hilohilo. Ubavu wa tairi unaongezeka kutoka mm 124 hadi 140, na mpira huo wa ziada ndio unaomeza jiwe kabla halijafika kwenye rimu. Kipenyo kinakuwa mm 686, tofauti ya asilimia 1 tu na cha sasa, kwa hiyo spidi inayosomeka kwenye dashibodi haitapotoka kwa kiasi cha kukusumbua.

Za mtumba utazipata kwenye Forester za kawaida hadi modeli ya 2018, Impreza za kawaida, na Legacy na Outback hadi za 2014. Forester ya modeli ya 2019 kuja mbele iache, imehamia 5x114.3. Na kwenye Impreza na Legacy soma ET, maana nyingi ni 53 au 55. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso unaolala kwenye habu. Namba ikipanda, gurudumu linaingia ndani. Rimu ya ET55 italisogeza tairi lako mm 7 kuelekea shokapu, na kwa tairi nene hizo 7 zinaweza kuwa ndizo zote ulizokuwa nazo.

Namba mara nyingi imechapwa nyuma ya mkono mmojawapo wa rimu. Ikiwa imefutika, pima. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa habu. Kisha pima upana wote wa rimu, nje kwa nje, ugawe kwa mbili. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Mfano: kina mm 143, upana wa nje kwa nje mm 190, nusu yake 95, 143 kutoa 95 ni 48. Usichanganye upana huo na inchi 6.5 zilizoandikwa. Hizo hupimwa ndani, pale mpira unapokaa, na nje huongezeka kama inchi moja.

Kabla hujalipa, fanya hivi palepale dukani, rimu ikiwa haina tairi. Inua gurudumu la mbele, funga rimu tupu kwa nati zako za zamani, kaza kwa mkono, zungusha. Kati ya kalipa ya breki na rimu ibaki nafasi ya angalau mm 3, na ukumbuke vipande vya balansi vinavyobandikwa kwa ndani navyo vinakula nafasi. Tena kuna jambo linalosahaulika: pedi zako zikiwa zimekwisha, kalipa imeingia ndani. Siku ukiweka pedi mpya itasogea nje kuelekea mikono ya rimu. Nafasi ikiwa finyu leo, siku hiyo rimu itakwaruza.

Kuna watakaokushawishi uweke 215/70R16 ili gari lipande zaidi. Kipenyo chake ni mm 707. Ukisoma spidi 100 kwa kweli unakwenda 104, na injini isiyo na turbo itaona mlima mrefu zaidi. Mbele, tairi linasogelea kikombe cha springi kwenye shokapu, na usukani ukikatwa hadi mwisho linafikia plastiki ya ndani ya madigadi. Wapo wanaoendesha hivyo bila tatizo. Ukitaka kujaribu, funga moja mbele, panda jiwe kwa gurudumu hilo hadi shokapu ibonyee, kata usukani pande zote mbili, kisha urudie ukirudi nyuma. Sisi tungeishia kwenye 215/65.

Kwenye tairi lenyewe, chagua kashata (michoro ya mpira inayokanyaga njia) za A/T, zile zinazofaa lami na vumbi pamoja. Angalia namba ya mzigo baada ya saizi: 98 maana yake kilo 750 kwa tairi moja. Usishuke chini yake. Angalia na tarakimu 4 za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita lina kashata nzima na mpira mkavu, na ubavu mkavu hauvumilii ncha za mawe.

Rimu za chuma au za aloi kwa njia mbovu? Na aloi iliyopasuka ikichomelewa inafaa? — Msomaji, Lushoto

Kwa njia mbovu, chuma. Ikipigwa inajikunja, na fundi matairi anainyoosha mdomo kwa nyundo chini ya mti mkafika nyumbani. Ubaya wake ni uzito, na kutu inayoota pale mdomo wa tairi unapokaa, upepo ukaanza kuvuja polepole usiku. Kila tairi linapofunguliwa, isugue sehemu hiyo kwa brashi ya waya na uipake rangi nyembamba. Rangi nene nayo inavujisha.

Aloi nzuri haina kosa, ila nunua yenye alama ya JWL, na ikiwezekana VIA pembeni yake. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za magari madogo; VIA inaonyesha kuwa imepimwa nje ya kiwanda kilichoitengeneza. Kuchomelea ufa ulio kwenye mdomo tu, mbali na mikono, ni jambo la kukufikisha mjini. Ufa ukigusa mkono au eneo la nati, rimu hiyo ni ya kuuza kama chuma chakavu. Moto wa kuchomelea unalegeza aloi pembeni ya mshono, ndiyo maana ufa wa pili huota jirani na wa kwanza.

Wataalamu, nimeweka rimu mpya za dukani kwenye RAV4 yangu ya 2004. Matundu yameingia vizuri, ila nati zinalegea kila baada ya wiki. Nimekaza hadi nimechoka. Na spesa, lile bamba la kusogeza rimu nje, inafaa? Nati ni zilezile za kiwandani, zenye washa bapa. — Msomaji, Voi

Umejibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Nati zenye washa bapa zimetengenezwa kwa rimu za kiwandani zenye kiti bapa, yaani pale nati inapokalia. Rimu nyingi za dukani zina kiti cha koni, nyuzi 60. Washa bapa juu ya koni inagusa ukingo tu; ukingo ukilika kidogo, nati imelegea. Kukaza zaidi kunaongeza kulika.

Nunua nati 20 za koni, M12 meno 1.5, na usichanganye hata moja. Kabla ya kuzifunga, kagua viti vya rimu: vikiwa vimekuwa mviringo wa yai, rimu hiyo haifai tena. Tundu la kati la rimu za dukani mara nyingi ni kubwa, kwa mfano mm 73.1, na habu yako ni 60.1. Weka pete za habu za kujaza upenyo huo, la sivyo rimu inajitafutia senta kwenye nati peke yake.

Futa vumbi na kutu kwenye uso wa habu. Ingiza nati zote kwa mkono, kaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeinuliwa, kisha lishushe na umalizie kwa spana ya kipimo: Nm 103 kwa Toyota hiyo. Usipake grisi kwenye stadi, kipimo kitakudanganya. Rudia kupima baada ya kilomita 50 hadi 100.

Uliuliza pia kuhusu spesa. Ile ya kuchomeka, isiyo na stadi zake, inapunguza meno yanayoshikwa na nati. Hesabu zamu kutoka nati inapoanza kushika hadi inapogota: kwa meno ya 1.5 zisipungue 7, kwa 1.25 zisipungue 8. Zikipungua, toa spesa. Kwa njia za mawe hatuoni faida yake, kwa sababu beringi za habu ndizo zinazolipa.

Mbele niliweka matairi mawili mapya, nyuma yamebaki ya zamani, saizi moja. Sasa Outback yangu, otomatiki ya gia 4, nikikata kona kali sehemu ya kuegesha inashika na kuruka kama breki imefungwa. Fundi anasema giaboksi imekufa. — Msomaji, Nyahururu

Usiifungue giaboksi kwanza. Tairi jipya ni kubwa kuliko lililolika, hata kama ubavuni yameandikwa saizi moja. Tofauti ya mm 1 ya kina cha kashata inabadilisha kipenyo kwa mm 2 na mzunguko kwa mm 6.3. Subaru inataka mizunguko ya matairi isipitane zaidi ya robo inchi, yaani karibu hizohizo mm 6. Tairi jipya lenye kashata za mm 8 likikutana na la zamani lenye mm 4, mzunguko unapishana mm 25. Ekseli ya mbele na ya nyuma zinageuka kwa mwendo tofauti hata gari likienda moja kwa moja, na klachi ya kugawa nguvu iliyo nyuma ya giaboksi inasuguana bila kupumzika na kupata joto.

Pima hivi. Jaza upepo sawa matairi yote yakiwa ya baridi. Piga chaki chini ya kila tairi, moja kwenye mpira na moja sakafuni, sukuma gari hadi chaki ya mpira irudi chini, pima umbali. Au zungushia utepe wa fundi cherehani katikati ya kashata, ni haraka zaidi.

Kisha fungua boneti utafute kijisanduku cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi, nguvu ya nyuma inakatwa, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Zunguka palepale pa kuegesha. Mshiko ukiisha, tatizo liko kwenye matairi au kwenye klachi hiyo na selenoidi yake, vali ya umeme inayoiendesha. Ukiendelea, kagua breki na ekseli. Fyuzi hiyo ni ya majaribio na ya wakati umefunga tairi dogo la akiba, itoe ukimaliza.

Mshiko ukiwa umekwisha kwa fyuzi, weka matairi manne yanayolingana, badili mafuta ya giaboksi, halafu endesha taratibu namba nane kwa dakika kumi kwenye uwanja mpana. Ukipungua siku hadi siku, umeokoka. Usipopungua, hapo fundi wako ana haki ya kufungua, na aanzie nyuma kwenye klachi na selenoidi; hakuna haja ya kushusha giaboksi nzima. Tangu hapo hamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na tairi la akiba liwe la saizi kamili ileile, liingie kwenye zamu pamoja na mengine. La sivyo siku ya pancha utakuwa na tairi moja jipya na matatu yaliyolika.