Ukisubiri Kundi Hutaiona Granada

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, nataka kwenda Hispania Julai ijayo ila sina wa kwenda naye. Nifanyeje?” Swali hilo limenigusa pabaya, maana mimi watu wa kwenda nao nilikuwa nao. Tulifungua kundi la WhatsApp, tukaliwekea picha ya Alhambra, ile ngome ya wafalme Waislamu wa zamani kule Granada, kila siku ni “Inshallah tunaenda”. Siku ya kuleta nakala za pasipoti, mmoja ana harusi ya binamu, mwingine gari limekufa, wa tatu tiki mbili za bluu na kimya. Mwenzetu mmoja akaongeza kwamba mwanamke akionekana Ulaya peke yake, watu watajua amefuata bwana. Nilijitoa kwenye kundi usiku uleule, safari nikaenda peke yangu. Maneno yale bado ninayo.

Basi mdogo wangu, nenda peke yako.

Anza kupanga kwa kile kilicho kigumu kupatikana. Andalusia, yaani kusini mwa Hispania, kigumu ni Alhambra. Tiketi inakatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na ya kuingia majumba ya wafalme wa ukoo wa Nasrid, waliotawala Granada, ina saa yake, ukichelewa, imekupita. Kiangazi zinaisha mapema mno. Ukishajua siku yako ya Granada, Sevilla na Córdoba zitajipanga zenyewe, kwani kati ya hizo mbili treni ya kasi haifiki hata saa nzima.

Kuhusu viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Msichana asiye na mume wala mtoto anaangaliwa mara mbili, tusidanganyane. Kwa hiyo barua ya mwajiri itaje likizo na tarehe ya kurudi kazini, na taarifa ya benki ionyeshe mshahara unaingia na kodi ya nyumba inatoka, si milioni kadhaa zilizowekwa juzi na shangazi. Hoteli weka zile unazoweza kufuta bila faini. Foleni na mambo ya uwanja wa ndege nakuachia, utayaona mwenyewe.

Joto sasa. Sisi wa Dar tunajidai tumezaliwa nalo. La Sevilla ni kavu, linapita nyuzi 40, na upepo wa bahari hakuna. Mchana wenyeji wanafunga maduka wanalala, nawe lala. Jua linazama karibu saa 4 usiku, ndipo mitaa inajaa bibi na wajukuu wakila aiskrimu. Nilitembea saa hizo bila wasiwasi, ingawa mkoba niliubana kwapani kama niko Kariakoo.

Córdoba amka mapema. Msikiti Mkuu wa zamani, ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, hauna kiingilio saa 2:30 hadi 3:30 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ndani kuna nguzo zaidi ya 850 na matao yenye mistari myekundu na myeupe, halafu katikati, ghafla, kanisa la karne ya 16. Mama alinituma nimsalie rakaa mbili. Hairuhusiwi, walinzi wako macho. Nilisali Granada, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 kule juu mtaa wa Albaicín, ambao bustani yake inatazamana na Alhambra. Granada hiyohiyo, ukiagiza kinywaji baa nyingi zinakuletea na kisahani cha chakula cha bure. Wewe uliza kwanza kama kuna nguruwe, maana nyama yake wanaitia hata usipoitegemea.

Lakini niwaambie la Alhambra. Kwenye kuta wamechonga “Wa la ghaliba illa Allah”, hakuna mshindi ila Mungu, juu, chini, pembeni, mamia ya mara. Nikawa nasoma kwa sauti ndogo, chuo cha Tanga hakikwenda bure. Mama mmoja Mzungu akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikamwambia. Akamwita mumewe, wakaja na wengine, nikawa nawaonyesha kwa kidole herufi moja moja, mimi niliyeambiwa nimefuata bwana! Ningekuwa na kundi, tungekuwa tunapigana picha na kutafuta chaja.

Wanaosema “tutaenda wote” wengi wao hawaendi popote, na hela yako ya safari watakushauri uifanyie sherehe. Usiwaombe ruhusa. Waambie ukishapata viza. Mama peke yake mwachie majina ya hoteli na tarehe, umpigie kila jioni.

Kwa safari ya Julai, maombi yanafunguliwa Januari. Pasipoti itazame leo: iwe hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita, na ibaki na kurasa 2 tupu.