Ditekta ya RI: namba ya ukolezi inatoka wapi, na kwa nini mstari hautulii

Mkuu, umeuliza mawili: ditekta ya RI (kifaa cha kupima kupinda kwa mwanga) inajuaje kiasi cha sukari kwenye juisi, na kwa nini mstari wako wa msingi, ule unaochorwa wakati hakuna sampuli inayopita, unapanda na kushuka. Ukilielewa la kwanza, la pili utalijibu mwenyewe.

Ditekta hii haiijui sukari. Inachojua ni mwanga umepinda kiasi gani. Maji safi kwenye nyuzi 20 yana kipeo cha kupinda mwanga (refractive index, ndiyo hiyo RI) cha 1.3330, yakiwa na sukari asilimia 10 kinafika 1.3478. Ndani mna kichumba cha kioo kilichogawanywa kwa ukuta wa mshazari: upande mmoja umejaa kiyeyusho kitupu, mwingine unapitisha kinachotoka kwenye kolamu, yaani bomba linalotenganisha sukari moja na nyingine. Pande zikilingana, mwali unatua palepale. Sukari ikipita, mwali unasogea, na kule kusogea ndiko kunakochorwa kama kilele. Ukolezi unaupata kwa kulinganisha eneo la kilele na la myeyusho sanifu (wenye ukolezi unaojulikana) wa sukari ileile: glukosi kwa glukosi, fruktosi kwa fruktosi.

Sasa njoo kwenye joto. Nyuzi moja tu ikiongezeka, kipeo cha maji kinashuka takriban 0.0001. Sukari ya asilimia 0.1 inakipandisha takriban 0.00014. Umeona? Joto linakaribia kuigiza sampuli nzima.

Maabara moja niliyofanyia kazi, watu walishaanza kuulizia bei ya kolamu mpya (na kolamu si bei ya nyanya). Kumbe wimbi lilikuwa linakuja kila kompresa ya kiyoyozi ikiwaka, upepo unapiga neli moja kwa moja. Tukageuza upepo, tukavisha neli sponji, mstari ukanyooka.

Kwa hiyo changanya kiyeyusho cha kutosha kazi yote kwa mkupuo mmoja, kitoe hewa, na suuza upande wa ulinganisho kwa hichohicho. Gradienti sahau kabisa: ukibadilisha uwiano wa asetonitrili (kiyeyusho kinachochanganywa na maji) na maji njiani, ditekta itayaona hayo na sukari itamezwa. Mimi huwasha mashine jioni ili joto litulie, napima asubuhi. Ni usumbufu, ila sukari haionekani vizuri kwenye ditekta ya UV (ya mwanga wa urujuanimno), ndiyo maana tunaivumilia RI.

Kama unataka Brix tu (kipimo cha vilivyoyeyuka, kinachosomwa kama asilimia ya sukari), usijitese, chukua rifraktomita ya mkononi, kifaa kidogo kinachosoma kipeo hichohicho, na matone mawili. Ila nayo inahesabu kila kilichoyeyuka, asidi na chumvi humohumo, kwa hiyo Brix ya juisi ya ndimu usiiandike kwenye lebo kama sukari.