Udongo unapumua au unatoa hewa?

Swali limetoka Tabora, kwa dada anayesomea misitu na sasa hivi anaandaa maelezo ya kazi yake ya porini ili akawasomee wanakijiji. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Nimeandika 'upimaji wa upumuaji wa udongo na uhusiano wake na usanisinuru wa mimea', mwenzangu anabisha eti udongo hauna mapafu kwahiyo haupumui, niandike 'utoaji wa hewa ukaa'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba dada. Hoja ya mapafu itupe, panzi hana mapafu, jani halina, na wote tunasema wanapumua. Kule chini kuna mizizi, kuvu na bakteria wanaokula majani yaliyooza, wote hao wanatumia oksijeni na kuachia hewa ukaa inayopanda mpaka juu, kwahiyo "upumuaji wa udongo" kitaalamu hauna kosa.

Ila kuna shida ambayo mwenzako hajaiona. Mkulima wa Sikonge au Urambo hayo maneno anayo tayari, "tifua udongo upumue", yaani ulegeze hewa iingie. Wewe unaongelea hewa inayotoka ye anasikia inayoingia, atadhani umekuja na mashine kukagua kama shamba limelimwa vizuri! Kwahiyo kwenye ripoti ya chuo bakiza upumuaji, kijijini sema "hewa ukaa inayotoka udongoni", hapo mwenzako kapatia japo kwa sababu ambayo siyo yake. Na usiseme "upumuaji wa ardhi", ardhi ni pamoja na nyasi na miti iliyosimama juu yake, itakuwa kipimo kingine kabisa.

Kichwa cha maelezo yako nacho kizito, upimaji wa upumuaji wa, hata kukisoma kwa sauti kunachosha. Kiswahili kina kitenzi, kitumie: "Kupima udongo unavyopumua". Na zile namba za mashine usiziite "kiwango" tu, zinahesabiwa kwa eneo na kwa muda, kwahiyo ni "kasi". Halafu pale unapowaonya vijana wa kazi umeandika "msipumue karibu na chemba" (lile kopo linalofunikwa juu ya udongo kunasa hewa inayotoka), jamani watakufa hao, sema "msiipumulie chemba", maana pumzi ya mtu ina hewa ukaa nyingi kuliko hewa ya kawaida na ikiingia humo vipimo vyote vinaharibika. Hiyo -lia ndo inayobeba onyo lote. Pale pa kung'oa majani mabichi ndani ya pete inayokaa udongoni, kabla ya kuifunika kwa chemba, weka na sababu, kwamba jani likipata mwanga linaivuta hewa ukaa ileile unayotaka kuipima, na hata likiwa gizani linaongeza pumzi yake.

Usanisinuru ni neno moja, usilikate, na kwa mwanakijiji sema "majani yanavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua". Uhusiano wake na udongo ndo mtamu, kwasababu sukari ya majani inashuka kwa njia ya gome la ndani mpaka kwenye mizizi na kuvu wake. Watafiti kaskazini mwa Uswidi walibandua gome kuzunguka mashina ya misonobari, matokeo yakatoka 2001: ndani ya miezi miwili hivi hewa ukaa inayotoka udongoni ilipungua kwa zaidi kidogo ya nusu ukilinganisha na pale ambapo miti haikuguswa. Sasa Tabora nani asiyejua mzinga wa gome? Mrina asali anajua mti wa miombo uliobanduliwa gome pande zote unakauka, wewe muongezee kwamba kabla haujakauka mizizi inakuwa imeshaanza kukosa chakula na hata udongo chini yake umepunguza kupumua. Hapo hilo neno lako unaweza kulirudisha, watakuwa wameshaelewa ni pumzi ya nani.